Mwelekeo wa Jiwe

Salaita ni kilima kidogo. Ukitoka Voi ukashika barabara ya Taveta, ukapita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni, unakiona kimekaa peke yake nyikani, na Kilimanjaro nyuma yake ikiwa mawingu yameruhusu. Wanaokijua wakiwa nje ya Taita Taveta wanakijua kwa vita: tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza, yakiwemo ya Waafrika Kusini waliokuwa ndio kwanza wamewasili, yaliwashambulia Wajerumani na askari wao waliojichimbia pale, yakarudishwa nyuma kwa hasara. Hadithi hiyo ina waandishi wake na wasimulizi wake. Ninachotaka kukisifu mimi katika ukanda huu ni kazi ya watu wanaokaa na jiwe mkononi, wakaligeuza na kuligeuza tena, mpaka wajue limeelekea wapi.

Asiyeamini kwamba jiwe lina mwelekeo aanze na kaianiti ya Murka. Murka iko upande huo huo wa Maktau, na kaianiti yake ilichimbwa katikati ya karne iliyopita kwa ajili ya matofali ya tanuri, kwa kuwa ni madini yanayostahimili moto mkali. Ni jiwe la buluu iliyochanganyika na kijivu, limejengeka kwa mabapa marefu. Chukua bapa moja, chukua na kisu cha kawaida cha jikoni. Kwaruza kwa urefu: ncha inazama na kuacha mkwaruzo mweupe. Sasa kwaruza kwa upana, kisu kile kile, mkono ule ule. Kinateleza. Ukikaza sana utaona mstari wa kijivu unaong'aa, na huo ni unga wa kisu chako, jiwe halikuguswa. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kaianiti ni kati ya 4.5 na 5.5 kwa urefu, na kati ya 6.5 na 7 kwa upana. Jiwe ni moja na atomu zake ni zile zile za alumini, silikoni na oksijeni, lakini zimepangwa kwa minyororo inayokwenda upande mmoja, na kisu kinaujua upande huo hata kama jicho halijui.

Fundi ninayemzungumzia ana mashine yake upande wa Taveta, si mbali na Salaita. Hapendi kuandikwa jina, nami nimelikubali hilo; nitamwita Mzee tu. Alikuwa mchimbaji kwanza, miaka ya ujana wake upande wa Kasigau, kisha akachoka kuyauza mawe bila kujua yanakokwenda, akajifunza kukata. Vifaa vyake vinaenea juu ya meza moja: mota ndogo, diski ya shaba iliyopakwa unga wa almasi, kopo la maji lililotobolewa ili lidondoshe tone baada ya tone, vijiti vya shaba vya kugandishia jiwe, kipande cha nta, taa ya spiriti. Shingoni ana lenzi ya kukuza mara kumi. Mashine kama yake, mpya, huwa na vipimo vya nyuzi vilivyochongwa vizuri. Yake vimefutika nusu, na nyuzi nyingine anazijua kwa mkono.

Nilimkuta na kipande cha rubi ya Mangare, uzito usiozidi gramu mbili. Mangare ni jina linalojulikana na wanunuzi wa vito wa dunia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, rubi ilipogunduliwa kule kusini mwa Voi. Nilitegemea kumwona akiwasha mota. Hakuiwasha. Alilitia jiwe kwenye kisahani cheupe chenye maji, akakisogeza mpaka jua la dirishani likapenya vizuri, akaanza kuligeuza kwa ncha ya kijiti. Maji yanaondoa mng'ao wa juu na kukuruhusu uone ndani. Aliligeuza polepole mno, huku akinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kujisikia kama mgeni aliyekuja saa mbaya.

"Njoo, mwanangu," alisema mwishowe. "Tazama huku. Kisha tazama huku."

Nilitazama. Upande wa kwanza rangi ilikuwa nyekundu iliyoelemea zambarau kidogo, nzito, yenye kina. Aliposukuma jiwe likalala ubavu, wekundu ule ule ukageuka, ukawa na uchungwa ndani yake, mwepesi zaidi. Akanipa kibomba kifupi chenye kipande cha kalisaiti ndani, nikakitia jichoni: vidirisha viwili vikatokea bega kwa bega, kimoja zambarau, kingine rangi ya tofali. Akaligeuza jiwe tena, na polepole vidirisha vile vikafanana, mpaka nikawa siwezi kuvitofautisha. "Hapo," akasema. "Hapo ndipo linapotazama."

Rubi ni alumini na oksijeni, na kiasi kidogo cha kromi kinachoipa wekundu. Mwanga ukiingia ndani yake hugawanyika mara mbili, kila sehemu ikitikisika kwa upande wake, na kila sehemu ikinyang'anywa rangi tofauti na kromi ile ile. Ila kuna njia moja, sambamba na mhimili mkuu wa fuwele, ambayo mwanga ukiifuata haugawanyiki. Hapo ndipo vidirisha viwili vinapokuwa sawa. Fundi anayetaka wekundu bora huupanga uso wa juu wa kito, ule mpana unaotazamwa na mnunuzi, ukabiliane na mhimili huo. Akikosea, kito kitakuwa safi, kitang'aa, kitauzwa, lakini kitakuwa na wekundu wa pili daima.

Ikiwa kazi ingeishia hapo, ingekuwa rahisi. Shida ni kwamba jiwe ghafi halikuumbwa kwa kumfurahisha fundi. Kipande kile kilikuwa kirefu kwa upande usiofaa. Kukikata kwa kufuata mhimili kungepoteza uzito mwingi, na hata ukataji mzuri wa kawaida hugeuza zaidi ya nusu ya jiwe kuwa matope chini ya diski. Tena kulikuwa na ufa mwembamba unaopita kwa mshazari. Mzee alichora mstari wa wino juu ya jiwe, akaufuta kwa kidole, akachora mwingine ulioinama kidogo. Alikuwa akitafuta pembe ambayo rangi ingepungua kwa kiasi kisichoonekana, na ufa ungeangukia mahali patakapokatwa na kutupwa. "Mwenyewe anataka karati," alisema bila kuinua kichwa. "Jiwe linataka rangi. Mimi niko katikati yao."

Kisha ikaja nta. Aliipasha, akaligandisha jiwe kwenye kijiti, akalitazama, hakuridhika, akapasha tena. Mara ya pili nayo aliikataa. Mimi sikuona tofauti yoyote. Yeye aliona kwamba jiwe limelala kando kwa nyuzi chache, na nyuzi hizo baadaye hazirudishwi na mashine yoyote, kwa kuwa kila sura itakayokatwa itahesabiwa kutoka hapo. Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa. Kukata kwenyewe, kule kunakopigiwa picha na watalii, maji yakiruka na jiwe likilia, ni sehemu ya pili ya kazi. Uamuzi wote ulishafanyika kwenye kisahani.

Sitaki kuidharau sehemu hiyo ya pili. Sura za chini za rubi lazima ziiname kupita nyuzi 35 hivi, kwa kuwa chini ya hapo mwanga hupenya moja kwa moja badala ya kurudi juu, na mtazamaji huona kidole chake kupitia kito. Wenye biashara huliita tundu hilo dirisha, na vito vya bei nafuu vimejaa madirisha. Kwa kwatzi, ambayo hupinda mwanga kidogo zaidi ya kioo cha kawaida tu, pembe hiyo hufika nyuzi 41. Mzee hazisomi namba hizo popote. Anasikiliza. Rubi nayo si ngumu sawasawa pande zote, ingawa haifikii vioja vya kaianiti, na diski ikifikia sura iliyokabili upande mgumu sauti hupanda. Yeye hupunguza mkono kabla mimi sijasikia lolote.

Tsavoriti ndiyo iliyolipa eneo hili jina lake kubwa zaidi, na kwa habari ya mwelekeo ndiyo inayompa fundi likizo. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, akaufuata mwamba wake kuvuka mpaka hadi Taita, na kito hicho kikapewa jina la Tsavo mwaka 1974. Bridges mwenyewe aliuawa huku huku Taita mwaka 2009. Ni ganeti ya kijani, na rangi yake inatokana na vanadi na kromi. Ganeti zimejengwa kwa mpangilio wa mchemraba: mwanga ukiingia kutoka juu, ubavuni au kwa mshazari, unakuta hali ile ile na haugawanyiki. Kibomba cha kalisaiti kinaonyesha vidirisha viwili vya kijani kimoja, geuza utakavyo. Fundi anaangalia nyufa, anaangalia uzito, basi. Nilimwuliza Mzee kama anapendelea tsavoriti kwa sababu hiyo. Alicheka. "Hiyo hata kijana wangu anaikata. Haina siri." Nadhani alikuwa anatania nusu, maana tsavoriti ina siri nyinginezo, hasa ya kuvunjika ukiwa umebakisha sura mbili.

Joto ndilo linaloleta jambo jingine. Wapo wanaopasha mawe moto ili kubadilisha rangi. Tanzanaiti ya Mererani, kwa mfano, hupashwa kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi ili kahawia itoke na buluu ibaki. Anayepasha kwatzi ana hofu ya namba moja: 573. Kwenye nyuzi hizo za Selsiasi kwatzi hubadilika hali bila kuyeyuka na bila atomu hata moja kuhama makazi yake. Vijumba vidogo vya silikoni na oksijeni vinavyoijenga, ambavyo katika ubaridi vimeinama upande, hunyooka kwa pamoja, na jiwe hutanuka ghafla. Ukilipitisha hapo kwa pupa linapasuka. Likipoa, vijumba vile huinama tena, lakini vina uhuru wa kuinamia upande mmoja au mwingine, na mara nyingi sehemu moja ya fuwele huinamia huku na jirani yake kule. Kwa nje huoni chochote. Jiwe moja limekuwa na mielekeo miwili, na mipaka ya ndani isiyoonekana.

Mabadiliko ya namna hiyo, ambamo kitu kinabaki kigumu, atomu zinabaki kwao, na kinachobadilika ni upande unaoangaliwa tu, yana wanazuoni wake. Nimewasoma kwa miaka kadhaa, kama mtu wa nje anavyoweza kuwasoma, na nawaona ni ndugu za Mzee katika kazi. Kwa bahati, njia ya kuwafikia inapita ndani ya mgodi wa Taita.

Anayetafuta tsavoriti hufuata mwamba wenye grafaiti. Vibonge vya kijani hukaa ndani ya miamba iliyopikwa chini ya ardhi takriban miaka milioni 600 iliyopita, ambamo mabaki ya viumbe yaligeuka kuwa kaboni tupu, na mchimbaji hutoka shimoni mikono ikiwa myeusi kwa utelezi wake. Grafaiti ni kaboni iliyopangwa kwa tabaka. Mwaka 1985, Harold Kroto wa Sussex, pamoja na Robert Curl na Richard Smalley wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, walivukiza grafaiti kwa leza wakakuta katika mvuke wake molekuli ya atomu 60 za kaboni, iliyofungika yenyewe: pembetano 12, pembesita 20, sura ile ile ya mpira wa miguu wa kushonwa. Walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996. Lakini walichokuwa nacho mwanzoni ni dalili tu kwenye mashine. Wolfgang Krätschmer wa Heidelberg na Donald Huffman wa Arizona ndio walioonyesha mwaka 1990 kwamba ukipitisha umeme mkali kati ya vijiti viwili vya grafaiti ndani ya gesi ya heli, masizi yanayopatikana ukiyatia katika benzini yanatoa maji mekundu, na maji hayo yakikauka yanaacha fuwele. Molekuli hiyo, iitwayo fulareni, ikawa kitu cha kushikwa mkononi. Na kila mwenye fuwele mkononi huja na swali la Mzee: linatazama wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba halitazami popote. Molekuli hizo zina kipenyo cha takriban nanomita 0.7, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Hujipanga katika fuwele kama vitu vya mviringo vinavyojipanga vyenyewe, kila moja ikizungukwa na majirani 12, vitovu vyao vikiachana nanomita moja. Kwenye joto la kawaida la chumba kila molekuli inazunguka mahali pake, ikisahau ilikoelekea katika muda wa sehemu kumi hivi za trilioni ya sekunde. Fuwele ni ngumu, ina sura zake na kona zake, unaweza kuishika kwa koleo, huku ndani yake kila kilichomo kinazunguka ovyo. Katika hali hiyo fulareni ni kama tsavoriti ya Mzee: geuza utakavyo.

Kisha ikapozwa. Mwaka 1991 Paul Heiney na wenzake kule Pennsylvania waliona kwa mionzi ya eksirei kwamba karibu na kelvini 249 mistari mipya inajitokeza, dalili kwamba molekuli zimeacha kuwa sawa na majirani zao. Sampuli zilizosafishwa zaidi zilipandisha namba hiyo hadi karibu 260, yaani nyuzi 13 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi. Voi haiijui baridi hiyo. Usiku mkali wa kileleni Kibo, juu ya Kilimanjaro, huikaribia. Fuwele ya fulareni iliyoachwa juu kule ingekuwa katika ukingo wa kubadilika, na mtu wa Taveta angekuwa anautazama mlima bila habari.

Katika mabadiliko hayo molekuli hazikomi kabisa kutikisika, ila zinapoteza uhuru wa kuzunguka ovyo. Kila molekuli huchagua mhimili mmoja kati ya mishazari minne ya mchemraba, na majirani huchagua tofauti, kwa utaratibu unaojirudia katika fuwele nzima. Ravi Sachidanandam na Brooks Harris waliusoma mpangilio huo kutoka kwenye vipimo vya Heiney mwaka ule ule. Kisha William David na wenzake, wakitumia nyutroni kule Uingereza, wakaonyesha kwa nini. Katika molekuli hii viunganishi 30 kati ya 90 ni vifupi na vina elektroni nyingi, na pembetano zina upungufu wa elektroni. Kiunganishi chenye wingi hupenda kukabili pembetano ya jirani. Hiyo ndiyo nafasi ya kwanza. Kuna ya pili, ambayo kiunganishi hicho hukabili pembesita, na gharama yake ya nishati ni kubwa kidogo tu. Molekuli huruka kati ya nafasi hizo mbili. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo nyingi zinavyokaa katika ya kwanza: karibu na kelvini 260 ni kama asilimia 60, na chini zaidi zinaongezeka. Lakini zikifika karibu kelvini 90 kuruka kwenyewe kunakuwa kuzito mno, na zilizokutwa katika nafasi mbaya, asilimia 17 hivi, hubaki hapo daima, zimeganda na kosa lao. Hili linanifurahisha kuliko yote. Hata fuwele safi kuliko zote ina wenyeji waliochelewa kugeuka.

Sasa sanaa yenyewe ya nadharia. Karl Heinz Michel wa Antwerp, pamoja na John Copley na Dan Neumann waliokuwa Marekani, walichapisha mwaka 1992 nadharia ya mabadiliko hayo iliyoanzia chini kabisa, kwenye kani kati ya molekuli na molekuli. Jambo la kwanza walilopaswa kuamua ni lugha ya kuelezea mwelekeo. Njia iliyozoeleka ni kulieleza umbo la molekuli kwa ngazi: ngazi ya sifuri ni mviringo mtupu, ngazi ya kwanza inatofautisha juu na chini, na kila ngazi inayofuata inaongeza mabonde na vilima. Molekuli ya nitrojeni, iliyo mstari, inajitambulisha tangu ngazi ya pili. Methani, yenye pembe nne, inaanza ngazi ya tatu, na James na Keenan waliijengea nadharia yake mwaka 1959. Fulareni, kwa ajili ya ulinganifu wake uliopindukia, haionyeshi chochote katika ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne wala ya tano. Ngazi ya sita ndiyo ya kwanza kusema neno, kisha kimya mpaka ya kumi.

Fikiria subira inayotakiwa hapo. Kila hesabu ya kawaida inarudi sifuri. Unaweza kusema, na wapo waliosema, kwamba kitu cha namna hiyo ni duara na yameisha. Michel na wenzake walikwenda hadi ngazi ya sita na ya kumi, wakazichuja kwa kanuni za ulinganifu wa fuwele, wakabaki na zile chache zinazoweza kujipanga kwa zamu, jirani huyu hivi na jirani yule vile. Kutoka hapo kitu kizuri kinajitokeza chenyewe. Mpangilio unaweza kuanzia katika pande tatu za fuwele, na ukizizidisha pamoja hizo tatu unapata kipengele ambacho ulinganifu haukikatazi. Kwa kanuni ambazo Lev Landau aliziweka miaka ya 1930, kipengele cha namna hiyo kikiwepo, badiliko haliwezi kuja kwa ulaini. Lazima lije kwa mruko. Na ndivyo lilivyopimwa: kwenye kelvini 260 fuwele husinyaa ghafla kwa kiasi kidogo, kama vile kwatzi ya 573 inavyotanuka.

Mruko ulipatikana, lakini undani wake ulidai kazi zaidi. Vikundi vilivyopiga hesabu kwa kuzichukulia atomu 60 kama nukta zinazovutana vilipata mwelekeo usio ule uliopimwa na nyutroni. Atomu peke yake hazikutosha. Ilibidi kuwekwa chaji kwenye viunganishi vyenyewe, katikati ya atomu, mahali ambapo hakuna atomu yoyote. Michiel Sprik na wenzake, na vilevile Lu, Li na Martin, walifanya hivyo mwaka 1992, na nafasi mbili zile, ya pembetano na ya pembesita, zikakaa mahali pake. Nikisoma makala hizo naona kisahani cheupe. Waliligeuza jambo mpaka likatazama wanakotaka kuliona, na walipokuta limelala kando kwa nyuzi chache walipasha nta upya.

Wapo watakaosema ninalinganisha visivyolingana, mzee mwenye kopo la maji na mabwana wenye mitambo ya nyutroni. Sikubali. Mzee hawezi kuandika mlingano wa Landau, na sidhani kama Michel angeweza kuliokoa jiwe lile la Mangare na ufa wake. Wote wawili wanafanya kazi kwa kitu ambacho uso wake wa nje hauwaambii ukweli. Tofauti kubwa ninayoiona ni ya malipo. Nadharia ya fulareni ililipiwa na vyuo na serikali zilizokubali kungoja. Fundi wa vito wa huku hulipwa kwa kito kilichomalizika, na bei ya kito huhesabiwa kwa karati, kwa hiyo kila nyuzi anayoinamisha jiwe kufuata rangi anaitoa katika uzito, na huenda akaambiwa amemwibia mwenye jiwe. Mfumo huo unamfundisha kijana kutotumia kisahani. Atagandisha jiwe kwa upande unaohifadhi uzito, atakata madirisha, na rubi ya Mangare itaendelea kutajwa kuwa ya daraja la chini kwa makosa ambayo si ya mwamba.

Voi ina kituo cha vito kilichojengwa na serikali, na ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati mwaka 2016, kinachofundisha uhandisi wa madini na chenye ushirikiano na vyuo vya Ujerumani, kikiwemo cha Freiberg, mji ambako elimu ya madini imefundishwa tangu 1765. Kwa hiyo fuwele hufundishwa mjini Voi, na fuwele hukatwa barabara hiyo hiyo kuelekea Taveta. Mwanafunzi anayechora mihimili ya korandamu, madini ya rubi, darasani angefaidika kukaa siku chache mezani pa mtu anayeitafuta kwa jua la dirishani, na Mzee angefurahi kujua kwa nini sauti ya diski hupanda.

Hilo ni la wakubwa kupanga. Kwa msomaji nina ombi dogo. Ukiwa na rubi ghafi na ukaamua ikatwe hapa nyumbani, mwambie fundi kabla hajawasha mota kwamba unataka rangi, mwombe akuonyeshe vidirisha viwili vikifanana, na ukubali mapema, kwa mdomo wako, karati zitakazokwenda na maji.